Urithi wa mchoraji umo mkononi mwake au katika kitu anachokichora? Mjadala kuhusu Lilanga, Tingatinga na wenzao

Fundi wa Fremu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu hapa Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo picha nyingi hupita mikononi mwangu kabla hazijatundikwa ukutani. Hivi karibuni mteja mmoja aliniletea picha mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilionyesha Wamasai watano waliosimama mstari mmoja, wembamba kama fito, na nyuma yao jua jekundu linazama. Ya pili ilikuwa hadibodi iliyojaa viumbe wenye matumbo ya mviringo, masikio makubwa na macho yaliyotokeza, waliobanana kutoka pembe hadi pembe bila kuachiana hata upenyo wa kupitisha kidole, wengine wamebeba ndoo za maji, wengine wanacheza mpira. Mteja alinieleza kwamba ile ya kwanza angeitundika sebuleni kwa kuwa ni ya asili yetu, na ya pili angeipeleka chumba cha watoto kwa kuwa ni vikatuni. Nilipima, nikakata mbao, nikapokea ujira wangu, lakini maneno yale hayajanitoka hadi leo, kwa sababu naona kwamba mteja wangu alizipanga picha zile kinyume.

Viumbe wale wana ukoo unaojulikana. Mchoraji wa hadibodi ile, ambaye simfahamu, alifuata njia ya George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania, na kufariki mwaka 2005 hapa Dar es Salaam. Lilanga alikuwa Mmakonde, na kabla ya kushika brashi alishika patasi. Alipokuja mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjomba wake Augustino Malaba, naye mchongaji, alimwingiza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa mjini, ambako inasimuliwa kwamba alianza kama mlinzi kabla kipaji chake hakijatambuliwa. Huko alichora kwenye hadibodi, kwenye vitambaa vya batiki na kwenye ngozi za mbuzi, na kufikia mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Washington.

Tuangalie sasa alichokitoa kwenye uchongaji. Wachongaji wa Kimakonde waliohama kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wengi wao wakifuata kazi za mkonge, walikuta Dar es Salaam soko jipya, na katika miaka ya 1950 mmoja wao, Samaki Likankoa, akaanzisha mtindo wa shetani, yaani umbo lisilofuata mwili wa binadamu, ambamo jicho laweza kukaa tumboni na mkono ukaota kichwani. Ukaja pia mtindo wa ujamaa, ambamo gogo moja la mpingo hubeba watu kumi au ishirini waliopandana na kushikana, kila mmoja akiwa ngazi ya mwenzake. Gogo halina mbingu wala nchi. Mchongaji hapangi watu mbele ya mandhari, bali huwatafuta ndani ya mti wenyewe, na nafasi inayobaki kati ya mtu na mtu ni ile tu ambayo patasi imelazimika kuipitia. Ukiitazama picha ya Lilanga huku umelikumbuka gogo hilo, utatambua kwa nini mara nyingi haina upeo wa macho, kwa nini mguu wa huyu unaishia penye sikio la yule, na kwa nini kila umbo limezungushiwa mstari mzito kana kwamba limekatwa kutoka kwenye kitu kigumu. Kwa hiyo yule niliyeambiwa kuwa ni kikatuni ni mpingo uliogeuzwa kuwa rangi.

Picha ya Wamasai na jua, kwa upande wake, ina watu wetu na nguo zetu, lakini namna ilivyopangwa, kwa ardhi nyembamba chini, anga pana juu na vivuli virefu katikati, ni ile ya kadi za posta. Siidharau, kwa maana jua lile limelipa karo za watoto wengi, wakiwemo wangu. Ninachosema ni kwamba kuchora kitu cha jadi na kuchora kijadi ni mambo mawili tofauti, na sisi wanunuzi tumezoea kutazama la kwanza tu.

Nikifika kwa Edward Saidi Tingatinga, hata hivyo, hoja yangu inaanza kuyumba, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu badala ya kukaa na jibu langu dukani. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi: mnyama mmoja, rangi moja nyuma yake, madoa mengi mwilini. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi na kumuua baada ya kumdhania kuwa mhalifu anayetoroka. Kuhusu asili ya mtindo wake wako wanaoamini kwamba ulitoka kwenye michoro ya kuta za nyumba za kusini, ambayo Mjerumani Karl Weule aliiona alipozunguka huko mwaka 1906. Wako pia wanaoeleza kwamba Tingatinga alizitazama picha za Kikongo zilizokuwa zikiuzwa mitaani Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akajiambia kwamba hata yeye anaweza. Ikiwa kauli ya pili ndiyo kweli, je, chui wake bado ni urithi wetu? Naomba wenye ujuzi wachangie.

Brashi ya Msasani

Ndugu Fundi, shikamoo kama umri wako ni ule ninaoudhania. Mimi ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, nilifundishwa na mtu aliyefundishwa na mmoja wa wanafunzi wa kwanza, na nitajibu kwa kueleza jinsi kazi inavyofanyika, kwa kuwa naona umeitazama picha ikiwa imekwisha kukauka.

Rangi ya baiskeli ni nzito na yenye kung'aa, na haikubali kuchanganywa na rangi nyingine ikiwa mbichi. Kila tabaka lazima lingoje lililotangulia likauke. Kwa hiyo mchoraji hakai na picha moja. Hupaka mandharinyuma ya vibao sita au kumi, akaviegemeza ukutani, akarudi kesho yake kuweka mwili wa mnyama, kisha madoa, kisha mistari ya kumalizia. Utaratibu huu ndio unaoruhusu mtu zaidi ya mmoja kuugusa ubao mmoja. Mwanafunzi huanza na mandharinyuma na anaweza kukaa miezi bila kuruhusiwa kugusa jicho la ndege, kwa sababu jicho likikosewa ndege wote amekufa. Tingatinga mwenyewe alianza hivyo na ndugu zake pamoja na vijana wa kwao, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata, na baada ya kifo chake hao ndio walioendeleza kazi penye maduka ya Morogoro Stores, hadi chama cha ushirika kilipoandikishwa mwaka 1990.

Kama unautafuta urithi, utafute hapo. Huko kwetu mwashi, mfua chuma na mchongaji hawakusomea darasani. Kijana aliingia kwa mjomba, akatumwa maji, akashika kazi ndogo, akaiga mkono wa mkubwa wake mpaka siku mkono wake mwenyewe ulipojitokeza. Ikiwa wazo la kuuza picha barabarani lilitoka kwa Wakongo, mimi halinisumbui, kwa sababu namna tulivyolipokea ni yetu. Wanaotulaumu kwamba tunanakiliana wanataka kila mchoraji awe mtoto asiye na baba.

Nakiri lakini kwamba lawama nyingine tunastahili. Mgeni akitaka tembo kumi wanaofanana, huchorwa tembo kumi wanaofanana, na wa kumi hana uhai wa yule wa kwanza.

Mkaazi wa Murang'a

Nawasalimu nyote kutoka Kenya. Nimefurahi kwamba Brashi amekiri jambo hilo mwenyewe, kwa sababu mtu aliyelisema kwa ukali zaidi katika ukanda huu anatoka Marangu, mguuni pa Kilimanjaro, ingawa sisi huku tumemhesabu kuwa wetu. Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusomea Makerere, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na maneno yake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi yamekuwa kama wasia wa mahali pale.

Hata hivyo, nendeni mkatazame kazi yake ya mwaka 1959 katika kanisa kuu la hapa Murang'a, zamani likiitwa Fort Hall, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora ukutani picha tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, na watu wote ni Waafrika, na milima na migomba iliyo nyuma yao ni ile unayoiona ukitoka mlangoni baada ya ibada. Hadithi aliipokea kutoka mbali, ufundi wa kuchora ukutani aliusomea chuoni, lakini ardhi ni ya hapa. Kwa kipimo cha Fundi, cha kuchora kijadi, kazi hiyo ingeshindwa. Kwa macho ya mzee aliyepoteza ndugu katika miaka ile, akaketi mbele ya picha ya kusulubiwa na kuona miti ya kijiji chake, sidhani kwamba angekubali kuambiwa hivyo. Ningependa basi Fundi alegeze kidogo kipimo chake, kwa maana kitu kinachochorwa nacho kina uzito pale ambapo watu waliwahi kukatazwa kujiona.

Kuna pia Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London, ambaye hatumii turubai la kawaida bali lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda. Aliliona sokoni Nairobi likiwa limekatwakatwa kuwa vitu vya kuuzia watalii. Waganda wenyewe hulitumia katika sherehe na kuvishia maiti, na utengenezaji wake umetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2005. Lina matundu, lina mishono, na halilingani unene, kwa hiyo rangi ya mafuta inapopita juu yake hujikunja na kuzama mahali ambapo mchoraji hakupanga. Mbinu zake nyingi za uchoraji ni za Ulaya, na halifichi hilo, lakini kila mara gome linamkatiza maneno.

Mpita Njia

Samahani kwa kuingilia. Mbona hadi sasa wote waliotajwa ni wanaume? Kwetu Rwanda, upande wa Kirehe, sanaa ya imigongo hufanywa na wanawake: kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kikafinyangwa kuwa matuta yaliyonyooka na yenye pembe, kikaachwa kikauke, kisha kikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zamani matuta hayo yalikaa kwenye kuta za ndani. Baada ya mwaka 1994 wanawake wa Nyakarambi waliyarudisha kwenye vibao vinavyobebeka, na ndivyo yalivyookolewa yasisahauliwe. Makerere nako alisoma Theresa Musoke, Mganda aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, ambaye wanyama wake hutoweka nusu ndani ya madoa ya rangi. Msiwasahau.

Mwana Katanga

Salamu kwenu kutoka Lubumbashi. Nimesoma kwamba chui wa Tingatinga huenda alitoka kwetu, na ninaomba niwaeleze huko kwetu kulikuwa na nini, ili msije mkadhani mto huo ulikuwa na chemchemi moja safi.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji hapa, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, na wachoraji wake mashuhuri walikuwa Pilipili Mulongoy, aliyejaza samaki na ndege katikati ya majani mpaka hapabaki pengo, Mwenze Kibwanga, aliyejenga miili kwa mistari mifupi inayolala pamoja, na Bela Sara, aliyechora kwa ncha za vidole badala ya brashi. Mzungu huyo hakutaka waige picha za Ulaya; alitaka kinachotoka ndani mwao wenyewe. Sasa fikirini: Bela hakuwa mtu wa Katanga, alitoka pande za Chad na alikuwa mtumishi wa Mfaransa huyo. Kwa hiyo ule uitwao urithi wa Katanga ulichanganyika tangu siku ya kwanza, tena chini ya usimamizi wa mgeni aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika. Mimi picha hizo nazipenda, lakini sijasahau nani alikuwa mwenye karakana.

Urithi ninaoujua mimi ulitundikwa sebuleni kwa baba yangu, na hakuna mzungu aliyeuagiza. Ilikuwa picha ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki na nywele ndefu, anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito, na kando yake picha ya askari wa enzi za Wabelgiji akimchapa mfungwa fimbo huku bendera inapepea. Wachoraji walizipitisha nyumba kwa nyumba, nyingi zimechorwa kwenye nguo za magunia ya unga, na bei yake mfanyakazi wa mgodi aliimudu. Sisi tuliziita ukumbusho. Kazi yake ilikuwa kumfanya mgeni aulize, ili mwenye nyumba apate kusimulia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyekuwa mmoja wa wachoraji hao, alijihesabu kuwa mwanahistoria, na katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yetu kwa picha 101, akimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Ukiiondoa simulizi, picha ile imebaki nusu.

Ndiyo maana naona Fundi na Brashi mnazunguka jambo moja bila kulitaja. Fundi anasema mkono, Brashi anasema ukoo wa kazi, na mimi nasema mdomo. Yule mteja aliyeweka viumbe wa Lilanga chumba cha watoto hakukosa macho. Alikosa mtu wa kumsimulia.

Fundi wa Fremu

Nawashukuru nyote, na shikamoo ya Brashi nimeipokea: marahaba, kijana wangu, umri wangu umeukisia vizuri.

Nakubaliana na Mkaazi wa Murang'a kwamba kipimo changu kilikuwa chembamba. Niliposema kwamba kuchora kitu cha jadi si kuchora kijadi, niliwaza jua la watalii tu, sikuwaza ukuta wa kanisa ambao watu wake wanajitafuta ndani yake. Mpita Njia naye amenisuta kwa haki, na matuta ya imigongo yamenikumbusha kwamba picha si lazima iwe bapa; nikiletewa kibao kimoja cha namna hiyo nitalazimika kutengeneza fremu yenye kina, tena isiyo na kioo, maana kioo kitaua kivuli cha tuta, na kivuli hicho ndicho nusu ya mchoro.

Kwa Brashi nina neno moja ambalo bado silikubali. Kuiga mkono wa mwalimu mpaka wako ujitokeze ni elimu, sawa, lakini elimu hiyo ina siku ya kuhitimu, na picha nyingi ninazoletewa zimechorwa na watu wazima ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba siku hiyo imefika. Lilanga alihitimu: alitoka kwa mjomba akiwa na shetani wa mjomba, akamvika kaptula na kumtuma dukani. Katika miaka yake ya mwisho, kisukari kilipomfanya akatwe miguu, alifanya kazi akiwa na wasaidizi, na leo mjukuu wake Hendrick Lilanga naye anachora. Ukoo wa kazi upo, na kila anayeingia huongeza kiungo chake. Tembo wa kumi uliyemtaja wewe mwenyewe hana kiungo alichoongeza, na hilo haliponywi kwa kusema kwamba ndivyo mafundi wetu walivyofundishana.

Kuhusu neno la Mwana Katanga, mteja wangu alipita tena Jumamosi kuchukua fremu nyingine, nami nikamsimulia. Nilimtolea kinyago kidogo cha ujamaa ninachokiweka kaunta, nikakizungusha mbele yake, nikamwonyesha jinsi mguu wa mtu wa chini unavyokuwa kiti cha wa juu yake, kisha nikamwomba aivute kumbukumbuni ile hadibodi. Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Akaniuliza kama wale viumbe waliobeba ndoo ni wabaya au ni wazuri. Nilimjibu kwamba kwa Wamakonde shetani anaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kwamba hawa wa kwake wanaonekana wamechoshwa na foleni ya maji tu. Alicheka, akalipa, akaondoka. Picha haijahama chumba cha watoto, ila amesema kwamba mtoto wake wa pili amekwisha kuwapa majina viumbe kumi na mmoja.